Makomisionere wa Goma: kutoka aibu ya mtaa hadi kazi isiyo na mwamuzi

Komisionere wa nyumba mjini Goma, mashariki mwa Kongo, ni mtu anayemkutanisha mwenye nyumba na mpangaji, au mwenye parsele (kiwanja) na mnunuzi, kisha akalipwa komisheni. Kwa nyumba ya kupanga, komisheni hiyo mara nyingi hulingana na kodi ya mwezi mmoja. Kazi hii ilikuwa na adabu zake zamani. Adabu hizo zilivunjika hatua kwa hatua tangu mwaka 1994, na hakuna sheria wala chama kilichozirithi kwa nguvu ileile.

Kabla ya mwaka huo, wazee wa mitaa ya Birere na Mabanga wanasimulia, nyumba ilipatikana kwa kuulizana. Aliyejua chumba kilicho wazi alikuwa jirani, muumini wa kanisa moja au ndugu wa mke. Shefu wa kartiye (mtaa) alishuhudia makubaliano, na aliyesaidia akapewa zawadi. Aliyedanganya alikutana na waliomjua kila Jumapili na kila siku ya soko, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Haikuandikwa popote, lakini ilifanya kazi kwa sababu mji ulikuwa mdogo na wateja walirudi kwa watu walewale.

Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache. Mashirika ya misaada yakafuata, yakitafuta ofisi na makazi, na yakilipa kwa dola. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioundwa mwishoni mwa mwaka 1999, MONUC, uliongeza mahitaji hayo. Nyumba za mitaa ya Himbi, Katindo na Les Volcans zikapanda bei. Mteja sasa alikuwa mgeni asiyeujua mtaa na ambaye angeondoka mkataba wake ukiisha. Komisionere aliyemkosea hakuwa na sababu ya kuogopa kukutana naye tena. Ndipo kusaidiana kulipogeuka biashara kamili, iliyofanywa kwenye kona za barabara na baadaye kwa simu.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Mto wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukazika mitaa mizima na alama za mipaka ya viwanja. Wenye viwanja walirudi kupima upya juu ya mawe meusi, kila mmoja kwa kumbukumbu yake na karatasi zilizosalia. Mji ukapanuka kuelekea Ndosho, Lac Vert na Mugunga. Biashara ya parsele ikakua, na makosa yake yakawa ya gharama zaidi.

Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, udongo ni mali ya serikali, na raia hupewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi, na miaka miwili ikipita haiwezi tena kupingwa kwa urahisi. Hata hivyo, parsele nyingi huuzwa kwa karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa kartiye tu. Pengo kati ya karatasi hiyo na hati kamili ndilo mlango wa udanganyifu. Parsele moja huuzwa kwa watu wawili. Kiwanja cha marehemu huuzwa na mtoto mmoja bila ndugu zake kujua, na komisionere anayejua hunyamaza.

Katika kupangisha, makosa ni madogo lakini ya kila siku. Komisionere humtajia mpangaji bei ya juu kuliko aliyoisema mwenye nyumba na kubaki na tofauti. Hutoza pesa ya kutembeza watu kwenye nyumba iliyokwisha kuchukuliwa. Hupokea garanti (amana ya upangaji) ya watu watatu kwa chumba kimoja, kisha hubadilisha namba ya simu. Wengine humshawishi mwenye nyumba amwondoe mpangaji, kwa sababu kila mpangaji mpya ni komisheni mpya. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji usio wa biashara iliwekea garanti ya makazi kikomo cha miezi mitatu, lakini kikomo hicho hakina maana kwa aliyelipa bila risiti.

Adhabu zipo, ila hazikulenga kazi yenyewe. Kanuni ya adhabu inaadhibu utapeli katika kifungu cha 98, na kuuza mali isiyohamishika ya mwingine ni kosa linaloitwa stelionati. Sheria za OHADA, muungano wa sheria za biashara wa nchi za Afrika ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012, zinamtaka dalali asiegemee upande wowote na zinamkataza kufanya biashara kwa faida yake mwenyewe. Lakini yote haya yanamtaka aliyeibiwa ashtaki, alipe na asubiri. Hakuna anayeweza kumzuia komisionere huyo asimtembeze mteja mwingine kesho yake.

Kazi nyingine zina chombo cha kufanya hivyo. Wakili wa Goma akikosa adabu, baraza la chama chake linaweza kumwonya, kumkemea, kumsimamisha au kumfuta kwenye orodha. Nchini Kenya, sheria ya mawakala wa nyumba ya mwaka 1984 iliunda bodi ya kuwasajili, na jina linaweza kuondolewa kwenye daftari. Bado madalali wasiosajiliwa ni wengi huko, lakini mteja walau ana orodha ya kuangalia kabla ya kutoa pesa.

Misukosuko ya karibuni imeongeza mzigo. Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na kartiye 10 kati ya 18 zikaamriwa kuhamishwa. Familia zilizorudi zilitafuta makazi kwa haraka, na haraka ni rafiki wa mtapeli. Kundi la waasi la M23 lilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na mashirika mengi yakapunguza kazi. Mnunuzi wa ardhi sasa anajiuliza pia ni muhuri wa nani utakaoheshimiwa baadaye.

Mji wenye watu wanaohamahama hauwezi tena kulindwa na aibu ya jirani. Unahitaji daftari la makomisionere lililo wazi kwa wote, risiti kwa kila malipo, na chombo chenye uwezo wa kufuta jina. Hadi vitu hivyo vipatikane, mpangaji asitoe garanti kabla ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, na mnunuzi wa parsele asilipe kabla ya kuuliza ofisi ya hati, majirani wa pande zote na warithi wote.