Matone ya Chokaa

Tanuu la baba lilikuwa kwenye uwazi kati ya minazi, karibu na ufuo, pale Utende, kisiwani Mafia. Halikuwa jengo. Yalikuwa magogo ya minazi iliyozeeka, yamepangwa mviringo safu juu ya safu hadi kifuani mwa mtu mzima, katikati pakaachwa tundu la moto, na juu yakarundikwa matumbawe. Moto ulitiwa jioni ukakesha. Sisi watoto tulilala tukisikia mawe yakipasuka, na asubuhi tulikuta kilima cheupe kinafuka, baba amesimama pembeni macho mekundu, anatukemea tusisogee. Yakishapoa aliyamwagia maji. Hapo ndipo palipokuwa na ajabu yenyewe: mawe yaliyokwisha kupoa yalichemka upya bila kuni, yakavimba, yakafumuka, yakawa unga laini kuliko sembe. Unga ukatiwa kwenye magunia, ukauzwa, nasi tukanunuliwa madaftari.

Mawe yenyewe yalitoka mwambani. Maji ya bamvua yakipwa sana, baba na wenzake walikwenda na mashua, wakashuka na mitaimbo. Hawakuhangaika na yale matumbawe ya matawi, yanayovunjika kama vijiti. Walitaka yale ya mviringo, mazito, ya rangi ya kahawia, yaliyokaa mchangani kama mitungi iliyofukiwa nusu. Hayo ndiyo yaliyotoa chokaa ya kutosha. Mashua ilirudi imezama hadi karibu na ukingo. Kazi yangu ilikuwa kubandua kombe na kuondoa majani ya bahari kabla mawe hayajaanikwa. Mikono yangu ilibaki na ute mzito, wa utelezi, ambao haukutoka kwa maji matupu; niliusugulia mchanga. Sikuwahi kujiuliza ule ute ni wa nani.

Simsemi baba kwa ubaya. Magofu ya Kua, ng'ambo ya pili kule Juani, yamejengwa kwa mawe na chokaa ya namna hiyo hiyo, na waliojenga walikuwa watu waungwana. Nyumbani tulijua bei ya gunia la chokaa. Umri wa jiwe hatukuujua. Hifadhi ya bahari ilipoanzishwa mwaka 1995 na uchimbaji wa matumbawe ukapigwa marufuku, mimi nilikuwa na miaka kumi, na nililia kwa ajili ya baba, maana nilimwona amekaa barazani mchana kutwa, mtaimbo umeegemezwa ukutani. Baadaye alirudi kwenye mishipi na maisha yakaendelea.

Sasa naishi London, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama reli. Sebuleni kwangu kuna tangi la kioo la lita 240, limejaa maji ya chumvi, na juu yake kuna taa ya buluu inayowaka na kuzimika kwa saa. Ndani nafuga matumbawe. Nimekuwa nikiyafuga tangu mwaka 2018, na nikisema nafuga, maana yake ni kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikiyazika.

Nilipoanza nilidhani itakuwa kazi nyepesi kwangu kuliko kwa wengine. Wenzangu niliokutana nao dukani wamezaliwa penye baridi, bahari yao ya kijivu. Mimi nimeoga na matumbawe. Nilinunua vipande vitano, kila kimoja cha ukubwa wa kidole gumba, vimegandishwa kwa gundi kwenye vijiwe vidogo kama vifuniko vya chupa. Vilikuwa vimekatwa kutoka kwa matumbawe mama yaliyokuwa kwenye tangi la mtu mwingine, na mama hao nao walikatwa kwa wengine. Havikuwahi kuiona bahari. Nikavitia siku ile ile tangi lilipojaa. Katika siku tisa vyote vilikuwa vimekufa, nyama imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua kwa uji.

Sikujua kwamba maji mapya, hata yawe safi namna gani, ni maji yasiyo na wenyeji. Uchafu wa viumbe hutoa amonia, na amonia ni sumu. Lazima kwanza wapatikane bakteria wa kuigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wa kuigeuza kuwa naitreti, ambayo ni nafuu. Bakteria hao hukaa kwenye mawe yenye vitundu na huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kujenga maskani yao. Mtu husubiri mbele ya tangi lenye mawe matupu, anapima, anasubiri tena.

Halafu nikajifunza maji. Ya bomba ya London ni magumu. Birika langu hufanya ukoko mweupe ndani, na ule ukoko ni chokaa. Lakini yana vitu vingine visivyofaa, kwa hiyo huyapitisha kwenye chujio linaloondoa karibu kila kitu, na kwa kila lita ninayopata, lita kadhaa humwagika. Kisha narudisha chumvi, gramu 35 hivi kwa lita. Kisha joto, nyuzi 25 au 26, lisipande wala lisishuke. Kisha kalisiamu, miligramu 420 kwa lita, karibu na ya bahari. Kisha magnesi, kisha fosfeti, kisha nguvu ya mwanga, maana tumbawe lililokulia chini ya taa hafifu likipewa mwanga mkali ghafla huungua. Nilikuwa na daftari. Kila Jumapili nilidondosha dawa ya kupimia kwenye kichupa, nikihesabu matone hadi maji yabadilike rangi kutoka buluu kwenda manjano. Nilipokuwa mtoto, mawimbi yaliingia Ghuba ya Chole kwa mlango wa Kinasi na kutoka, mara mbili kujaa na mara mbili kupwa kila siku, na yote haya yalifanyika bila daftari.

Matumbawe yakianza kukua yanakula kalisiamu ya maji yanayoyazunguka na kujijengea mifupa. Tangi ni dogo, huisha. Kuna njia nyingi za kuirudisha, na ile niliyoipenda ni miongoni mwa zile za zamani zinazotumika majumbani. Mfugaji mmoja, Peter Wilkens, aliieneza miaka ya 1970, na wafugaji wa matumbawe duniani kote bado huiita kwa jina la Kijerumani, Kalkwasser. Nililisoma jina hilo mara nyingi kabla sijaangalia maana yake. Ni maji ya chokaa. Chokaa iliyomwagiwa maji, gramu moja na nusu hivi kwa lita, inakorogwa, inaachwa itulie, na yale maji maangavu ya juu yanadondoshwa tone moja moja usiku, kufidia yaliyokauka mchana.

Nilisimama jikoni na mfuko ule mkononi. Unga mweupe, laini kuliko sembe. Nilipoufungua ilinijia harufu ya asubuhi za Utende, na ilibidi niketi.

Nilimpigia baba. Sasa ni mzee, na simu hushikwa na mpwa wangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hao wadudu wako wamefikia wapi?"

"Wapo wachache."

"Unawalisha nini?"

"Chokaa, baba."

Kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekata.

"Mbichi, au iliyokwisha kumwagiwa maji?"

"Iliyomwagiwa maji. Nakoroga, naacha itulie, nachukua ya juu."

"Usiguse mashapo ya chini."

"Siyagusi."

"Yanaunguza," akasema. "Angalia sana mashapo."

Alikuwa na haki ya kunionya. Usiku mmoja wa mwaka 2021 vali ndogo inayodhibiti matone ilikwama ikiwa wazi. Niliamka alfajiri nikakuta tangi jeupe kama tui la kwanza, vitu vyote ndani havionekani. Chokaa yote ya ndoo ilikuwa imeingia, na maji yaliyoelemewa yalikuwa yameitema ikawa vumbi linaloelea. Nilibadilisha maji hadi mgongo ukafa ganzi. Matumbawe manne yalikufa wiki ile. Nilipoyatoa na kuyaosha yalikuwa meupe, yana ncha kali, mazuri kutazama, sawasawa na yale yaliyokuwa yakipangwa mezani kuuziwa wageni kama maua ya bahari.

Lakini usiku ule wa chokaa haukuniumiza kama Julai ya mwaka uliofuata.

Tarehe 19 Julai 2022, London ilivuka nyuzi 40. Nilikuwa kazini tangu alfajiri. Nilirudi jioni nikakuta chumba kama tanuri na kipimajoto cha tangi kinasoma nyuzi 32. Nilizima taa, nikaweka feni, nikatia chupa za maji ya barafu. Siku mbili baadaye yalianza. Kwanza rangi ilipauka kama kanga iliyoanikwa sana juani. Kisha yale ya matawi yakawa meupe, kutoka shinani hadi nchani, na nyama bado ipo. Hilo ndilo watu wengi hawalijui: tumbawe jeupe huenda bado li hai. Ndani ya nyama yake hukaa mwani mdogo mno, usioonekana kwa jicho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki. Joto likizidi, mwani huo hutoa sumu, na tumbawe huufukuza. Nyama inabaki kama kioo, mfupa unaonekana. Joto likishuka mapema mwani huweza kurudi. Likichelewa, tumbawe linakufa kwa njaa.

Nilikaa sakafuni mbele ya tangi, na weupe ule nikautambua. Nilikuwa nimeuona zamani.

Ilikuwa mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, siku za Idi Kubwa mwezi wa Aprili. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mjomba alinichukua kwenda kutafuta pweza, na nilipoinamisha uso majini niliona mwamba wote umegeuka mweupe. Si kipande, wote, mpaka macho yalipokomea, na mwingine una nuru ya zambarau na waridi. Niliona uzuri. Namwomba Mungu anisamehe, niliona uzuri tu. Nilirudi nikamwambia mama kwamba bahari imevaa nguo ya Idi, akacheka akanipa bokoboko. Mjomba hakucheka. Alisema maji yamekuwa ya moto vibaya, na kwamba hajapata kuyaona vile.

Baada ya wiki kadhaa weupe ulifunikwa na utando wa kijani. Kusi ilipoanza kuvuma kwa nguvu, matawi yaliyokufa yalikatika, yakawa changarawe inayobingirika na mawimbi. Upande wa Tutia, kusini, ndiko kulikoharibika sana. Vipepeo wa bahari, wale samaki wa manjano wanaokwenda wawili wawili, tulikaa muda mrefu hatuwaoni. Kilichobaki kimesimama hapa na pale kilikuwa yale matumbawe ya mviringo, mazito, ya kahawia. Hayo huvumilia joto kuliko yale ya matawi. Lakini katika sehemu ile tuliyokuwa tukivulia hayakuwa mengi. Mengi tulikuwa tumekwisha kuyachoma.

Wazo hilo halikunijia mwaka 1998. Lilinijia London, nikiwa na umri wa miaka thelathini na saba, kwa sababu ya kipande kimoja. Mwaka 2019 nilikuwa nimenunua tumbawe la jamii ile ile ambalo wataalamu huliita Porites. Wauzaji hawalipendi sana, halina rangi ya kuvutia. Nililinunua kwa kumbukumbu tu. Lilipona usiku ule wa chokaa, na baada ya joto lile, wakati jirani zake wote wamekufa, lilibaki na rangi yake ya kahawia, limepauka kidogo kwenye kichwa, likarudi. Usiku, taa zikizimwa, nikiliangazia kwa tochi nyekundu naona vijimkono vyake vinatoka, vidogo kama mbegu za pilipili, vinachezacheza.

Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yamo katika wimbi la nne la kupauka, na Tanzania ilitajwa. Nilimpigia baba kabla sijamaliza kusoma. Alisema ameambiwa na wavuvi, yeye mwenyewe hafiki tena mwambani.

Kisha akaniuliza, "Na lile lako la mviringo?"

"Lipo."

"Limekua kiasi gani?"

"Tangu nilinunue, upana wa vidole viwili hivi."

"Miaka mingapi?"

"Mitano. Kule baharini huweza kukua sentimita moja kwa mwaka, baba. Zaidi kidogo kama pana nafasi nzuri."

Hakujibu. Nyumba yetu ina ngazi mbili za kupandia barazani, na kila ngazi ni tumbawe moja zima lililochongwa juu likawa bapa. Baba aliyaleta mwenyewe alipooa. Yalikuwa makubwa mno kuingia tanuuni. Nilimsikia akimwita mpwa wangu, akimtuma futi la fundi. Kukawa na mburuzo wa viatu, kisha sauti ya mtoto ikisoma kwa makini, kama anayesoma darasani.

"Babu, sentimita hamsini na nane. Na lingine limefukiwa, sijui kwa kina gani."

"Pima kwanza hilo la pili," baba akasema.