Kutoka Hola Hadi Voi Kutazama Gari la Moshi

Mtoto wa Hola atakuonyesha mamba aliyelala ukingoni mwa Mto Tana huku wewe mgeni ukiona gogo tu. Lakini mwambie akuchoree gari la moshi, atakuchorea basi refu. Si ajabu. Kaunti nzima ya Tana River haina reli. Ile ya kutoka Lamu, iliyopangwa katika mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2012, bado haijajengwa.

Kwa hivyo wanangu wawili waliponiganda wakati wa likizo ya Agosti, nilijua safari ni ndefu: Hola, Garsen, Malindi, Mombasa, kisha kilomita 150 hivi hadi Voi. Mama yangu, aliye na miaka sabini na ushei, akasema naye yumo. Marehemu baba alikuwa kibarua wa reli huko Voi kabla sijazaliwa. Mama alibaki Hola akipokea barua zenye mhuri wa posta ya Voi, wala hakuwahi kufika huko.

Sasa, msomaji, utatazamia wapi? Stesheni ya Miritini, Mombasa, inapendeza kwa picha, na mnara wake ule katikati. Ila bila tiketi huingii jukwaani, na tiketi za jamii nzima si mchezo. Nauli ya daraja la kawaida hadi Nairobi ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Kutazama kando ya barabara ni bure.

Mimi nasifu barabara kuu kati ya Maungu na Voi. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hupita huko juu ya tuta, nawe waiona treni tangu ikiwa mbali. Chagua hoteli ya chai iliyo mbali kidogo na lami, maana malori ya njia hiyo hayana huruma, na ua wa reli usiuvuke hata kwa picha. Treni ya abiria ilipita kabla kitinda mimba hajameza mkate wake, akalia. Ya mizigo ndiyo tamu kwa watoto. Wangu walihesabu makontena, mmoja akapata 50, mwingine 53, wakagombana hadi mjini.

Voi mjini mama hakuitaka SGR. Alitaka reli ya zamani, ile nyembamba iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Kifungua mimba aliipima kwa hatua moja: mita moja tu kati ya chuma na chuma. Ile mpya ina karibu mita moja na nusu.

"Ya Taveta ilichepukia wapi?" mama akauliza.

Mzee mmoja alituelekeza upande wa tawi hilo, lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama alisimama akitazama huko kwa muda, leso mabegani.

"Baba yenu aliniandikia kwamba huku simba hulala relini," akasema. "Nikadhani ananitisha ili nisimfuate."

Nikamweleza kuhusu simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898.

"Hao ni wa zamani," akajibu. "Mimi nauliza wa wakati wake."

Yule mzee akacheka, akamwambia simba walikuwapo kweli.