Mwalimu Alivyotueleza Vita

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka na kuteka ardhi yetu ya Tanzania hadi ukingoni mwa mto Kagera. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Mkoa wetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, ulijaa watu waliokimbia na walichoweza kubeba. Kwetu Muleba walilala migombani. Namkumbuka mama mmoja aliyefika mtoto mgongoni, kichwa cha cherehani utosini, miguu imevimba. Alipopewa ndizi hakuzigusa mpaka alipouliza kama redio imesema lolote.

Ilisema tarehe 2 Novemba. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa ameanika betri juani tangu asubuhi ili zisituangushe. Nilitarajia ngurumo. Mwalimu Nyerere, rais wetu, akaanza taratibu, kwa sauti yake ile nyembamba, akieleza hatua kwa hatua Amin ametenda nini, kama aliyesimama mbele ya ubao. Alipokwisha kueleza, ndipo akasema kazi iliyobaki ni moja, kumpiga, na kwamba uwezo, sababu na nia vyote tunavyo. Wazee pale uani hawakushangilia. Waliitikia kwa vichwa, maana walikuwa wameelewa.

Nadhani hapo ndipo tabia yake ilipoonekana wazi kuliko popote: hakuwapeleka watu vitani bila kuwaeleza kwa nini. Na msimamo wake haukuzaliwa siku ile. Tangu Amin alipopindua serikali mwaka 1971, Mwalimu alikataa kumtambua, na mwaka 1975 Tanzania ilisusia mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Kampala. Viongozi wenzake wa Afrika walipotaka yaishe kwa usuluhishi, hakukubali suluhu isiyomlaani mvamizi. Mgambo walipita kwetu na malori yaliyochukuliwa kwa watu binafsi na mashirika, wakaenda vitani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Kisha likaja la kufunga mikanda. Mwalimu alituambia dhiki ya baada ya vita ingechukua miezi 18. Tulipanga foleni ya sabuni, ya sukari, ya khanga; mama alifulia majivu ya maganda ya ndizi. Miezi 18 ikapita, dhiki ikabaki. Alipong'atuka mwaka 1985 maduka yalikuwa bado matupu. Hesabu yake haikutimia, na sisi tulioibeba tuna haki ya kulisema hilo bila kuonekana tunamvunjia heshima. Ila gharama ya vita hakuificha, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Mwalimu alitajirika sisi tukiwa foleni.

Askari wetu wamezikwa Kaboya, huku huku Muleba. Anayetaka kumpima Mwalimu kama kiongozi wa vita aanzie pale makaburini, kisha aende Kyaka akaulize waliorudi kwao walikuta nini. Akishafanya hivyo, aje tuzungumze.