Ukuta Uliokataa Rangi

Wenzangu, nadaiwa. Siizungumzii Bodi ya Mikopo, hiyo inatudai wengi. Mimi nadaiwa na shangazi yangu. Nilimtia hasara ya shilingi laki nne na nusu kwenye mgahawa wake mdogo wa Mji Mkongwe, na silaha zangu zilikuwa laptopu, picha za kwenye simu na kujiamini kusiko na msingi.

Shangazi alikodi chumba cha chini katika nyumba ya zamani, kichochoroni upande wa Mkunazini. Upana mita 3, urefu mita 7, na kijiko kidogo cha uwani kwa nyuma. Pesa ilikuwa ya upatu, kachanga mwaka mzima mpaka zamu yake ikafika. Alitaka afungue Idi, watu wakiwa wametoka na watoto wao. Akaniita. "Wewe si ndiye msomi wetu? Hebu nipangie." Mie nasoma utalii, mambo ya ujenzi siyajui, lakini ukiitwa msomi mbele ya ukoo mzima utakataa vipi?

Basi nikapanga. Meza 6 za watu wanne wanne, viti 24. Mito myeupe. Taa za shaba zenye matundu, za kuagiza nje. Madema ya wavuvi yaning'inie darini. Boriti mpya za pambo chini ya zile za zamani. Ukuta mmoja ubomolewe ili chumba kipumue. Nikamwambia shangazi hii ndiyo staili ya Kizanzibari. Leo nikiziangalia zile picha, sioni hata kitu kimoja nilichowahi kukikuta sebuleni kwa mtu wa Unguja.

La ukuta alinikatalia pale pale. Mji Mkongwe hubomoi ukuta kwa sababu umeota. Lazima upate kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na nyumba yenyewe ya watu. Mengine akaniachia.

Sehemu ya chini ya kuta ilikuwa na unyevu, chokaa inabanduka vipande vipande. Nikaona dawa ni rahisi: plasta ya saruji hadi kimo cha mita moja, juu yake rangi ya mafuta nyeupe ili mchuzi ukirukia upanguswe. Mwisho wa Februari kazi ikaisha. Chumba kiking'aa kama jino jipya. Nikapiga picha, nikaweka stetasi, nikapokea pongezi.

Masika yakaingia tukiwa kwenye Ramadhani. Siku kumi kabla ya Idi shangazi akanipigia simu, akaniambia neno moja tu: "Njoo." Nikapanda daladala kutoka Tunguu nikiwa na funga yangu. Nilipofungua mlango nikaona rangi imefanya malengelenge. Ukiyabonyeza yanatoa maji. Na juu ya ile saruji yangu, mahali palipokuwa pakavu siku zote, ukuta umerowa, una unga mweupe wa chumvi.

Tukamwita fundi, mzee ambaye kazi ya chokaa kaifanya tangu kijana. Nikamwamkia, akaitikia, akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza. Kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, mtu ukimvisha koti la mvua mchana wa jua kali, akitoka jasho utamlaumu?"

Akanieleza pole pole. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, na unyevu hupanda kutoka ardhini. Chokaa inauacha utoke nje, ukuta unakauka wenyewe. Saruji na rangi ya mafuta vinauzibia njia. Maji hayakati tamaa, yanapanda mpaka yapate pa kutokea, na chumvi yanakuja nayo. Ile chokaa iliyokuwa ikibanduka, niliyoiona ni ugonjwa, ilikuwa inafanya kazi yake. Ni ya kubandika upya baada ya miaka kadhaa, kama unavyobadilisha kuti bovu.

"Itachukua muda gani?" shangazi akauliza.

"Nikikwambia wiki, nitakuwa nakudanganya, na mie nimefunga."

Shangazi akakaa juu ya ndoo ya rangi. Nikajua anahesabu kodi ya miezi ambayo hatauza hata kikombe cha chai. Nilitamani anigombeze. Akasema, "Haya." Basi. Ile "haya" ninayo mpaka leo.

Idi ikapita mlango umefungwa. Tulibandua saruji yote, tukaacha ukuta wazi ukauke, ndipo ikapigwa plasta ya chokaa na mchanga. Mie nilikuwa kibarua wa fundi kila wikiendi. Chokaa inataka subira: unaipiga nyembamba, unaiacha ishike, unarudia. Ukiiharakisha inapasuka. Na inababua mikono, asikudanganye mtu. Huku mikono inababuka, kichwa kikaanza kufanya kazi. Nikaacha kujiuliza kitu fulani kinapendezaje, nikaanza kujiuliza kinafanya nini.

Tuchukue upana wa chumba. Vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Mita 3 hivi, imekwisha. Mle ndani nilitaka kupanga viti 24! Kiti kinataka nafasi ya kuvutwa nyuma, na mwenye sinia la chai naye apite wapi? Jawabu liko nje, kila kichochoro: baraza. Tukatengeneza baraza ya mbao za mfenesi upande mmoja, mita 5, upana sentimita 45. Haivutwi, haisogei. Mbele yake meza za sentimita 60, na upande wa pili vigoda. Watu 16 wanakaa, na njia ya mita moja na nusu inabaki. Nimepunguza viti 8, lakini sasa wanaokaa wanakula kweli.

Likaja suala la migongo. Ukuta wa chokaa ukiuegemea unaondoka na mweupe kwenye buibui. Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani. "Kwani kwa bibi yako ukutani pana nini?" Mkeka! Miaka yote nikiuona ule mkeka wa ukutani nikidhani ni pambo. Akanituma kusini, Makunduchi, kwa mama mmoja anayesuka. Alipotaja bei nikaanza kuomba apunguze. Hakubishana nami. Akanipa ukindu na kunionyesha jinsi ya kuanza shupatu. Baada ya saa nzima nilikuwa na kipande kisichofika kiganja, tena kimekwenda upande. Nikalipa bei yake kamili na shikamoo ya pili nikatoa.

Mito myeupe tukaisahau siku shangazi alipojaribu urojo wake, manjano ikaruka. Foronya sasa ni za kanga. Zinafulika, na maua yake yanasitiri madoa. Boriti za pambo hatukununua. Zilizopo tumezipangusa zikatosha; mikoko ibaki Chwaka ikalinde pwani. Kitu hakiwi chema kwa sababu tu ni cha kwetu.

Mji huu umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, nasi tunajivunia kwenye insha zetu. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la 1883, ilipoporomoka na kuua, wengi tulisikitika kisha tukaendelea na safari. Sisemi nyumba ile ilianguka kwa kosa kama langu. Nasema tu kwamba mie nilikuwa napita mbele ya kuta hizi maisha yangu yote, naweza kukutajia masultani wake kwenye mtihani, na sikuwa najua kwamba zinataka chokaa kila baada ya muda, wala nani anajua kuipiga. Yule fundi wetu hana mwanafunzi. Siku zile alikuwa na mmoja, wa wikiendi, mwenye mikono laini.

Mgahawa ulifunguliwa miezi miwili baada ya Idi. Asubuhi kuna chai na mkate wa ufuta, jioni urojo. Wazee wa mtaani wanakaa barazani wanasoma magazeti, na watalii wanawakuta humo humo. Mbao za mfenesi zilikuwa za njano, sasa zinaanza kugeuka kahawia. Bumu likiingia nampelekea shangazi kidogo kidogo. Imebaki laki moja na nusu. Alisema atanisamehe, nikakataa, akasema basi deni lingine halina msamaha: kila mwaka kabla ya masika ukuta upakwe chokaa, na wa kupaka ni mimi.

Ndoo nimeshanunua.