Tunapanga kwenda Ruwenzori, lakini kwanza barabara

Sisi watu wa Butembo na Beni tumezaliwa jirani na mlima mrefu kuliko yote ya Congo, na wengi wetu tutakufa bila kuukanyaga. Asubuhi anga likiwa safi, mtu aliye upande wa Beni anauona Ruwenzori umesimama mashariki. Baada ya saa chache mawingu yanaufunika tena. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, kipo mpakani mwa Congo na Uganda, na Wazungu walikifikia tangu mwaka 1906. Wajukuu wa watu waliokuwa wakiishi chini yake siku hizo bado wanausikia tu kwenye somo la jiografia.

Mwaka huu watu tisa wa Butembo tumeamua kwenda: walimu watatu, muuguzi mmoja, vijana wawili wa pikipiki, mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, mtoto wa dada yangu aliyemaliza egzeta, na mimi mwandishi wenu. Tumeanzisha likirimba ya safari. Kila mwisho wa mwezi kila mtu anatoa dola kumi, na Mama wa vitenge ndiye anayeshika daftari, kwa sababu sote tunajua kwamba kwake hata franga mia haipotei.

Hatuendi kutafuta theluji. Theluji ya Ruwenzori inataka kamba, vyuma vya kufunga kwenye buti na siku nyingi za kupanda. Pia inazidi kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizobaki kwenye milima ya Afrika iliyo katika urithi wa dunia huenda zikaisha ifikapo 2050. Wazee wetu waliuita mlima huu Rwenzururu kwa sababu ya theluji hiyo, na walisema Kitasamba anakaa huko juu. Watoto wa watoto wetu watalirithi jina hilo bila kuona kilicholileta.

Tunachokwenda kuona ni miti. Ukipanda kutoka mashamba ya kakao na kahawa, unapita msitu mkubwa, kisha mianzi, na ukikaribia mita 3,000 unaingia mahali pa namna nyingine kabisa. Kuna mmea unaoitwa Erika. Aina zake nyingi za Ulaya ni vichaka vifupi, vingi havipiti magoti ya mtu. Ruwenzori mmea huo ni mti wa mita kumi, wenye shina lililopinda, lililovaa majani laini kama sponji, na ndevu za kijivu zinaning'inia kwenye matawi. Juu zaidi kuna lobelia ndefu kuliko mtu, na senesio ambazo ni ndugu za majani madogo ya bustanini, lakini huku zimekuwa miti.

Mwalimu wa biolojia katika kundi letu alitueleza jinsi senesio inavyoishi. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo huko juu hakuna miezi ya joto na miezi ya baridi. Mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda. Mti huo hautupi majani yake yaliyokufa, unayaacha yazunguke shina kama blanketi. Jioni majani mabichi yanajikunja na kufunika kichipukizi cha katikati, asubuhi yanafunguka. Mtoto wa dada yangu akauliza: “Mjomba, hiyo nayo si akili?”

Mpango wetu ni wa siku tano. Siku ya kwanza tunatoka Butembo kwa gari la kukodi, tunapita Maboya na Kabasha hadi Beni. Hapo tunachukua barabara ya taifa namba 4 kuelekea Kasindi, tunaiacha njiani na kupinda kwenda Mutwanga, chini ya mlima. Tunalala huko. Siku ya pili tunaanza kupanda kutoka kituo cha walinzi cha Mutsora pamoja na waongozaji na wapagazi, hadi nyumba ya Kalonge, zaidi ya mita 2,000. Siku ya tatu tunapanda hadi Mahangu, zaidi ya mita 3,000, katikati ya ile miti ya Erika. Hapo ndipo mwisho wetu. Nyumba ya Kiondo, iliyopita mita 4,000, tunawaachia wenye mapafu ya vijana. Siku ya nne kushuka, ya tano kurudi nyumbani.

Tumechagua Julai kwa sababu mvua inapungua na shule zimefungwa. Mvua haikomi kabisa Ruwenzori, kwa hiyo kila mtu anunue buti za mpira, koti la mvua, sweta mbili na soksi za sufu. Watu wa Butembo tunajisifu kwamba tumezoea baridi, lakini mji wetu uko kama mita 1,700 tu. Mahangu itakuwa baridi zaidi kwa digrii kama kumi. Muuguzi wetu ameweka sharti: mtu akiumwa kichwa na kutapika huko juu, hakuna kumpa kidonge na kumsukuma aendelee. Anashuka siku hiyo hiyo, hata kama ni mimi. Chakula ni unga wa muhogo, maharagi, fretini, chai na sukari nyingi.

Hayo yote tuliyamaliza katika mkutano mmoja. Mikutano mitatu iliyofuata ilikuwa ya barabara tu.

Kutoka Beni hadi Kasindi ni karibu kilomita 80. Mwaka 2021 marais wa Congo na Uganda walizindua mradi wa kuitengeneza barabara hiyo. Lakini shida yetu kubwa si matope. Ni barabara ambayo magari yamechomwa na watu wameuawa na waasi wa ADF, na kuna siku magari yanasubiriana ili yasindikizwe na askari. Januari 2023 bomu liliua waumini ndani ya kanisa huko Kasindi. Jimbo letu limo katika hali ya dharura tangu Mei 2021. Hata mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, imezika walinzi zaidi ya 200.

Mwalimu mkubwa kwa umri kati yetu alisema wazi: “Kufia shambani kwako ukitafuta chakula, watu watakulilia. Kufa ukienda kutazama miti, watauliza ulikuwa na kichaa gani.” Hakuna aliyecheka. Mama wa vitenge akamjibu: “Papa Mwalimu, mimi barabara hiyo naipita kila mwezi kwenda Kasindi kuchukua mali. Hakuna anayeniuliza kichaa. Kwa nini naweza kuipita kwa ajili ya vitenge, na siwezi kuipita mara moja kwa ajili ya macho yangu?”

Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana hatukupiga kura. Tuliandika masharti. Tarehe imeandikwa kwa kreyo, si kwa biki. Wiki moja kabla ya safari tutauliza watu wanne: dereva anayefanya njia hiyo, mtu wa shirika la raia wa Mutwanga, walinzi wa mbuga wa Mutsora, na jamaa wa Mama anayekaa Bulongo. Mmoja tu akisema “ngojeni”, tunangoja, na yeye si lazima atoe sababu. Hatusafiri baada ya saa tisa mchana. Hatutangazi siku ya kuondoka, ndiyo maana hamuioni hapa. Anayetaka kujitoa anarudishiwa pesa zake zote bila maneno.

Papa Mwalimu alisoma masharti hayo mara mbili. Akatoa dola kumi zake za mwezi, akamwomba Mama aandike jina lake, na kando yake aandike kwa kreyo.

Ndugu wasomaji, msifikiri tunawaambia twendeni wote Ruwenzori kesho. Tunasema tu kwamba watu wa hapa nao wana haki ya kupanga safari ya kwenda kuona kitu kizuri, si kukimbia vita tu na kutafuta mali. Julai ikikataa, kuna Januari, mvua inapopungua tena. Daftari la Mama litabaki wazi.