Tombstone, mji unaouza nusu dakika

Kutoka Tucson, jimbo la Arizona nchini Marekani, mwendo wa gari hadi Tombstone ni kama saa moja na robo. Tucson sasa ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo na Burundi, na mwisho wa wiki wenye watoto hutafuta pa kuwapeleka. Tombstone ni pazuri. Ila mzazi afike akijua kinachouzwa pale.

Kinachouzwa ni bunduki. Mtaa wa Allen umefungwa kwa magari, watu hutembea kwenye vibaraza vya mbao, magari ya farasi hupita taratibu yamejaa watalii, na kila siku waigizaji hufyatuliana risasi za bandia. Mlio wake si mdogo, mtoto mchanga azibwe masikio. Wakubwa kidogo hutoka pale wakitaka bastola ya plastiki, na maduka yanazo.

Jina lenyewe maana yake ni jiwe la kaburi. Mwaka 1877 mtafuta madini Ed Schieffelin alipokuwa akizunguka vilima hivi, eneo la Waapache, askari walimwambia jiwe pekee atakalolipata huko ni la kaburi lake. Akapata fedha. Mgodi akauita Tombstone, na mwaka 1879 mji ukaanza, ukajaa watu kwa maelfu ndani ya miaka michache.

Tukio linaloigizwa ni la Oktoba 26, 1881. Wanaume tisa walikutana kwenye kiwanja kitupu karibu na zizi la farasi la O.K. Corral (si ndani ya zizi, kama filamu zinavyodai) na kwa takriban sekunde 30 zikalia risasi kama 30. Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury, wakafa. Upande wa pili walikuwa ndugu watatu wa ukoo wa Earp na rafiki yao Doc Holliday, aliyesomea udaktari wa meno.

Jambo ambalo watoto hawaambiwi vya kutosha ni chanzo. Aprili mwaka uleule mji ulikuwa umepitisha sheria ndogo ya kukataza kubeba silaha mitaani. Mgeni aliyeingia alitakiwa kuzikabidhi. Asubuhi ya siku ile Ike Clanton alitozwa faini mahakamani kwa kosa hilo, na mchana Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, alikwenda kuwanyang'anya wenzake silaha. Yaani mji unaotembelewa leo kwa ajili ya bastola ulikwishazipiga marufuku. Wala ugomvi haukuisha pale: miezi miwili baadaye Virgil alipigwa risasi usiku, mkono ukalemaa, na Machi 1882 mdogo wake Morgan akauawa akicheza biliadi.

Kwa hiyo baada ya maigizo ni vizuri kwenda kwenye jengo la mahakama, la matofali mekundu, lililojengwa 1882 na sasa ni makumbusho. Makaburi ya Boothill, mlangoni mwa mji, yanafaa kwa watoto wanaojua kusoma; waliouawa siku ile wamelala huko. Na kwa aliyechoshwa na vifo kuna mti wa waridi uliopandwa mwaka 1885 kwa miche iliyotoka Scotland. Matawi yake yametandazwa juu ya nguzo hadi yakawa paa la ua mzima, na watu hukaa kivulini mwake. Huchanua majira ya kuchipua, karibu na Aprili.

Risasi hazikuuua mji. Maji ndiyo karibu yauue. Wachimbaji walipofika kina kirefu, migodi ilifurika, na mwaka 1886 moto ukateketeza mitambo mikubwa ya kuyavuta. Juu ya ardhi, maji ya kunywa yalikuwa shida, hata yakaletwa kwa bomba kutoka milima ya Huachuca, zaidi ya kilomita 30. Mji bado unategemea chemchemi za huko. Mwaka 2011, baada ya moto wa msituni, mvua iliporomosha matope na mawe makubwa yakavunja mabomba, na mwaka uliofuata wakazi na watu wa kujitolea walipanda mlimani na koleo kwenda kuyafukua.