Luthuli, mtaa wa kuipa nguvu kompyuta kuukuu

NAIROBI. Barabara ya Luthuli huunganisha Tom Mboya na River Road. Tangu 2019, njia za wapita njia zilipopanuliwa na magari kuelekezwa upande mmoja, mzazi anaweza kutembea hapa akimshika mtoto mkono. Spika hushindana kelele mlango hadi mlango. Madirisha yamejaa runinga, redio, nyaya na vipuri.

Wanaofika na kompyuta kuukuu ya nyumbani huwa na ombi moja: iwe na kasi, mtoto asome. Fundi mwema hafanyi pupa ya kuuza. Kama daktari, hupima kabla ya kutoa dawa.

"Mama, mashine yenu ni modeli gani?" huuliza.

Swali hilo huokoa pesa. Chukua Dell OptiPlex 790 ya mwaka 2011. Soketi yake ni LGA 1155. Ikiwa ndani mna Core i3-2100 yenye viini viwili, inaweza kubadilishwa kwa Core i5-2400 yenye viini vinne. Core i5-3470 ya 2012 inaingia soketi hiyo hiyo, lakini bodi ya 790 haiitambui. Inafaa OptiPlex 7010. Prosesa za kizazi cha nne haziingii kabisa, kwani soketi yake ni LGA 1150.

Kuna joto pia. Ile i3 ni ya wati 65, i5-2400 ni ya wati 95. Kasha likiwa dogo, hakikisha feni itamudu.

Lakini si kila uzembe wa kompyuta hutokana na prosesa. Ikichelewa kuwaka na kufungua faili, huenda diski ya zamani ndiyo mgonjwa. Diski ya SSD itasaidia zaidi. Prosesa ibadilishwe pale inapofanya kazi kwa asilimia 100 kila mara.

Tena, prosesa hizi hazitaifanya mashine ikubaliwe rasmi na Windows 11, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Pima gharama zote kabla ya kufungua pochi.

Ukiamua kununua, angalia vijipini vya soketi visiwe vimepinda, prosesa ipakwe pesti mpya ya kupitisha joto, na kompyuta iwashwe mbele yako kabla hujalipa.